Mabomba Yasiyolingana

Usiku mmoja wa Aprili 2019 nilikataa kumfungulia lango mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Nilisimama ndani ya ua, tochi mkono wa kushoto na rungu mkono wa kulia, nikauliza kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia gwarideni, "Nani wewe?" Nje gari lilikuwa linaunguruma na taa zake zilipenya kwenye mianya ya mbao. "Ni mimi, Baba." Sikuridhika. Nikamwambia ataje jina la shangazi yake mkubwa. Alilitaja huku akicheka, nami nikafungua. Mbele yangu lilikuwapo gari lilelile la buluu, Subaru Impreza niliyoizoea kwa miaka 12, na hata kibonyeo cha mlango wa nyuma kilikuwa palepale. Lakini sauti haikuwa yake.

Ili msomaji asinione mzee aliyeanza kurukwa na akili, sina budi kueleza jinsi nyumba yetu ilivyokaa. Tunaishi kwenye mgongo wa kilima upande wa Molo, kilomita zipatazo mbili kutoka barabara ya lami. Barabara yetu ni ya changarawe. Huteremka mpaka mtoni, ikapanda tena kupitia kwenye mashine ya unga, ndipo ikafika kwetu. Mwanangu, ambaye ni wa mwisho kuzaliwa, hufanya kazi Nairobi, na Ijumaa anapotoka kazini huingia huku saa nne usiku au zaidi, kutegemea malori ya barabara kuu. Gari lake liliposhika kona ya mtoni, mngurumo wake ulivuka bonde na kutufikia sebuleni. Marehemu mke wangu hakuhitaji saa wala simu. Angeinua kichwa kutoka kwenye ufumaji wake na kusema, "Huyo ameshika mto," kisha angekwenda kuyafukua makaa aliyokuwa ameyafunika kwa majivu na kuinjika sufuria. Kutoka mtoni hadi langoni ni dakika kama nane kwa barabara ile, hivyo kijana aliponawa mikono chakula kilikuwa kinatoa mvuke. Mke wangu aliaga dunia mwaka 2016. Kazi ile niliirithi mimi bila kuambiwa na mtu.

Sasa niungame. Mngurumo ule ndio nilioupiga vita kwa miaka yote. Gari lilitengenezwa Japani mwaka 1999, naye alilinunua likiwa limekwisha kutumika, mwaka 2007. Siku ya kwanza alipolileta nilimuuliza ni nani aliyemtobolea ekzosi. Aliponiambia kwamba limetoka kiwandani likilia hivyo, nilidhani ananifanyia mzaha. Nchini Kenya vijana wenye Subaru wana sifa yao, na sifa yenyewe si ya kumfurahisha mwalimu mkuu aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Nilimwambia mezani, mbele ya mama yake, kwamba gari la mtu mzima halisikiki kabla ya kuonekana. Maneno hayo yalinipendeza mwenyewe, nami nikayarudia kila nilipopata nafasi. Mke wangu hakusema kitu. Alikuwa anapakua.

Hivyo usiku ule wa Aprili, baada ya kuliingiza gari, kijana alifungua boneti akiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Alikuwa ameweka akiba miezi kadhaa, akanunua manifoldi mpya, yale mabomba yanayopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini, ya aina isiyotoka kiwandani kwa Subaru wenyewe. "Umesikia, Baba? Sasa haina kelele." Nikamwambia asante. Chakula kilikuwa baridi.

Msomaji asidhani kwamba mimi ni mtu asiyependa magari. La hasha. Nilikua nikiyasikiliza. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimekwisha kuanza na udongo wa huku kwetu umegeuka uji. Sisi watoto tulikwenda barabarani tangu alfajiri tukiwa na viazi vya kuchemsha mifukoni. Kwa kuwa ukungu ulikuwa mzito, magari tuliyajua kwa masikio kabla ya macho, na aliyekosea alitoa kiazi. Peugeot 404 ilikuwa na sauti ya mtu anayejua njia. Volvo PV544, ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo mwaka 1965, ilikuwa nzito na ya kifua. Nilipokuwa chuo cha ualimu ikaja Datsun 240Z, yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, na hiyo ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Sauti yake ilikuwa kama kitambaa kirefu kinachochanwa bila kukatika. Porsche 911 nayo ilikuwa na sauti ya msumeno, ikakaribia ushindi zaidi ya mara moja katika miaka ile ya sabini, isiupate.

Kwa hiyo nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba gari ni chombo cha kukufikisha tu, nilikuwa nasema uongo, na mmoja wao nadhani alilijua hilo.

Mwaka 1987 nilikuwa na mvulana wa darasa la saba aliyeweza kuiga injini yoyote kwa mdomo. Hesabu alizifanya kwa shida na insha zake zilikuwa fupi kama risiti. Madirisha ya darasa lake yaliipa barabara mgongo, hivyo hakuweza kuona gari lolote likija. Asubuhi moja, katikati ya somo langu la Kiswahili, alisimama na kutangaza, "Mkaguzi anakuja!" Darasa lilipasuka kwa kicheko, maana sisi wote hatukuwa tumesikia lolote. Nilimwita mbele, nikamchapa viboko vinne. Siku hizo kiboko kilikuwa halali. Serikali ilikipiga marufuku mwaka 2001. Nilikuwa naiweka fimbo juu ya kabati Land Rover ya mkaguzi ilipoingia uwanjani. Mvulana alikuwa bado amesimama kando ya ubao. Tulitazamana, kisha nikatoka kwenda kumlaki mgeni.

Mvulana yule sasa ni fundi Nakuru, na kwa kuwa dunia ni ndogo, ndiye anayelitengeneza gari la mwanangu likiwa huku. Wiki mbili baada ya usiku wa lango nilikwenda kumwona. Gereji yake ni ua wa mabati wenye magari sita au saba yaliyofunguliwa matumbo, na karibu yote ni Subaru. Alinifutia kiti kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko kiti, akaagiza chai, akaniita Mwalimu kwa heshima ileile ya zamani. Nikamuuliza, "Hivi wamelifanya nini gari la kijana?"

Hakunieleza kwa maneno mwanzoni. Alichukua manifoldi mbili kutoka kwenye rafu, akaniwekea moja kwenye kila goti. Ya kwanza, ya asili, ilikuwa na mikono miwili: mmoja mfupi, na mwingine mrefu uliojikunja kama unaotafuta njia ya kupita. Ya pili ilikuwa na mabomba manne yaliyopindwapindwa na kusongamana kama utumbo wa mbuzi, na yote yaliishia kwenye mdomo mmoja. Akaanza kunifundisha, nami nikasikiliza.

Injini ya Subaru ile ina silinda nne, lakini hazikusimama. Zimelala ubavu, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto, na pistoni zake huendeana na kuachana kama mabondia wanaogonganisha ngumi. Milipuko hufuata mpango huu: ya kwanza, ya tatu, ya pili, ya nne. Kwa kuwa namba 1 na 3 ziko kulia, na 2 na 4 ziko kushoto, moshi hutoka mara mbili mfululizo kulia, kisha mara mbili kushoto. Mpaka hapo mambo ni sawasawa kabisa. Kati ya mlipuko na mlipuko muda haupishani. Kinachoharibu ni kwamba tabo, ile feni inayosukumwa na moshi ili iilishe injini hewa zaidi, imekaa upande wa kulia. Moshi wa kulia uko jirani nayo. Moshi wa kushoto hauna budi kupita chini ya injini, uvuke kwenda upande wa pili, ndipo upande juu.

Nilimkatiza hapo, maana nilikuwa nimekwisha kuliona jambo lenyewe. Chukua madarasa mawili yanayotoka kwenda mkutanoni kupitia mlango mmoja. Mwalimu anapiga kengele kwa vipimo sawa: wawili wa darasa la karibu, wawili wa darasa la mbali, wawili wa karibu, wawili wa mbali. Lakini wale wa mbali wanazunguka jikoni. Mlangoni basi hawafiki kwa vipimo sawa. Baada ya wale wa karibu kuna pengo, halafu wale wa mbali wanaingia wakiwa wamechelewa, na kabla ya wa mwisho wao kupita vizuri, wa karibu wa zamu nyingine tayari wanamkanyaga visigino. "Ndivyo, Mwalimu," alisema fundi. Akapiga kofi juu ya boneti ya gari lililokuwa karibu, kwanza kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani, kisha kwa mwendo wa kuchechemea. Na kule kuchechemea, naapa, kulikuwa Subaru.

Manifoldi mpya hufanya kazi moja tu. Bomba lililokuwa fupi hurefushwa kwa kupindwa, mpaka yote manne yalingane, na moshi wote ufike mlangoni kwa zamu. Tabo husukumwa bila kukatizwa, injini hupumua vizuri zaidi na huamka mapema zaidi dereva anapokanyaga mafuta. Subaru wenyewe hawakulikataa jambo hilo. Mwaka 2003 walipotoa Legacy mpya waliipa mabomba yanayolingana, na mngurumo ukapotea humo.

Nilirudi nyumbani na karatasi, maana mwalimu haamini mpaka apige hesabu. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Katika silinda nne za aina hii kuna milipuko miwili kwa kila mzunguko, yaani 100 kwa sekunde. Mabomba yakilingana, sikio hupokea mapigo 100 yanayofanana, basi husikia sauti moja iliyonyooka. Yasipolingana, mpango wote wa kulia-kulia-kushoto-kushoto ndio unaojirudia, na huo hukamilika baada ya mizunguko miwili. Kwa hiyo ndani ya sauti huingia pigo jingine la mara 25 kwa sekunde, pigo zito ambalo mtu hulisikia kwa kifua kama alisikiavyo kwa sikio. Daktari wa masikio alikuwa ameniambia mwaka uliotangulia kwamba uzee huanza kuiba sauti nyembamba, na zile nene huziacha kwa muda mrefu zaidi. Filimbi ya tabo siisikii kabisa; mwanangu huniambia ipo. Lile pigo zito ndilo lililokuwa likivuka bonde na kunifikia.

Wajapani waliliita gari lile Subaru kwa jina la kundi la nyota, na nyota zenyewe ziko kwenye nembo yake. Nyota hizo sisi tunaziita Kilimia, kutokana na kulima, kwa kuwa wazee walizitazama ili wajue mvua i wapi na jembe lishikwe lini. Niliwafundisha watoto neno hilo kwa zaidi ya miaka 30, na nembo ile ilikuwa uani kwangu miaka 12 nisiihusishe nalo. Fundi ndiye aliyenionyesha. Alilisoma, anasema, kwenye kijitabu kilichokuja ndani ya gari.

Nilikwenda gereji mara nyingi zaidi mwaka ule kuliko nilivyohitaji. Nilijifunza kwamba fundi hutengeneza manifoldi yeye mwenyewe kwa wasio na pesa za kuagiza. Hujaza bomba mchanga mkavu, huziba ncha zote mbili, hulichoma mpaka liive jekundu, ndipo hulipinda; pasipo mchanga bomba hukunjamana na kujibana pale lipindwapo. Zake za kwanza zilipasuka kwenye maungio baada ya miezi michache, kwa sababu chuma hicho hupanuka na kunywea kila siku kwa joto kali, na mchomeleaji asiyeacha nafasi hulipwa kwa nyufa. Alipotaka kujua ufa uko wapi, alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha polepole juu ya mabomba injini ikiwa hai. Alifumba macho. Nilimtazama hivyo na nikaikumbuka sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo darasani, na mimi niliiandika kwenye ripoti kuwa ni uzembe.

Yeye ndiye aliyelianzisha. "Mwalimu, unaikumbuka Land Rover ya mkaguzi?"

"Naikumbuka."

"Silensa yake ilikuwa na tundu. Niliisikia tangu darajani."

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia.

"Nilijua."

Nilitaka kuongeza neno. Nilikuwa nimelitayarisha njiani ndani ya matatu, na tena si neno refu. Lakini msaidizi wake alikuwa amewasha mashine ya kukata chuma, cheche zikaruka ua mzima, na kelele ilipokwisha fundi alikuwa amekwisha kuingia chini ya gari. Nimekuwa nikienda nalo na kurudi nalo tangu siku hiyo.

Manifoldi ya zamani mwanangu alikuwa ameiacha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Mwezi wa Julai niliitia guniani nikaipeleka Nakuru. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo, akaniuliza kama nimeuza injini. Fundi hakuniuliza naitakia nini. Aliigonga kwa spana, akasikiliza, akaigonga mahali pengine. Mahali pa tatu ililia kama chungu kilichopasuka. Alisugua kutu, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele karibu na ungio. Akauchomelea. Tulikunywa chai ikapoa, akagonga tena, na ufa ulikuwa umefunguka kando ya pale alipoufunga. "Chuma hiki kimechoka, Mwalimu. Lakini naweza kukutafutia nyingine ya namna hii. Wanaozing'oa ni wengi."

Hapo ilibidi nimwambie mwenye gari. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, si wewe uliyesema gari la mtu mzima halisikiki?" Akanieleza jinsi gari linavyopanda miinuko sasa, na alivyotumia fedha. Lilikuwa gari lake na fedha zake, nami sikuwa na hoja. Nikamwambia tu kwamba mama yake alikuwa akiinjika chakula aliposikia mngurumo mtoni.

Akaacha kucheka. Miaka yote hiyo alidhani mama yake alikaa macho jikoni tangu jioni, akipasha na kupasha tena. Alikuwa amekwisha kumwomba mara nyingi asijisumbue, alale, naye mama alimjibu kwamba si usumbufu. "Kwa hiyo alikuwa ameketi tu?" akauliza. Nikamwambia alikuwa akifuma. Akakaa kimya kwa muda, halafu akatoka nje, akawasha gari, akalisikiliza lilivyo, akalizima.

Hakurudisha manifoldi ya zamani, na mimi sikumwomba tena. Siku hizi akifika mtoni hupiga simu. Simu yangu mara nyingi iko chumbani, au nimeilalia, basi hupiga mpaka achoke. Akifika tunakipasha chakula pamoja kwenye jiko la gesi, na kwa kweli ni hapo tunapoongea zaidi kuliko tulivyopata kuongea zamani mezani.

Mwaka huu kijana mmoja wa ng'ambo ya mto alinunua Impreza kuukuu, nyeupe, ambayo bado ina mabomba yake ya kiwandani. Watu wamekwisha kulalamika kanisani. Ijumaa iliyopita, kama saa nne za usiku, nilikuwa nimeketi na gazeti nikalisikia pigo lile likishika kona ya mtoni. Niliinuka. Nilikuwa nimekwisha kuwasha jiko na kuinjika maharage nilipochungulia dirishani na kuona taa zinakata kushoto kwenye mashine ya unga, zinaelekea kwao.